Stima ya Malindi na Lamu: soko limefunguliwa kwenye sheria, soketi bado ina muuzaji mmoja

Ukituma shilingi 1,000 kwenye paybill 888880 ya Kenya Power, ujumbe unaorudi una tarakimu 20, idadi ya yuniti, na makato ambayo wengi huyapita bila kuyasoma. Makato hayo ndiyo risiti ya soko zima la umeme la Kenya: bei ya msingi ya yuniti, gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumko wa bei, tozo ya maji, tozo ya mdhibiti EPRA, asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, na VAT ya asilimia 16. Katika yote hayo, ushindani umegusa sehemu moja tu, ile ya kuzalisha umeme. Kutoka hapo hadi kwenye soketi yako, iwe Maweni, Watamu, Mpeketoni au Langoni, muuzaji ni yule yule.

Tunapima hapa huduma tatu. Ya kwanza ni stima ya Kenya Power kama inavyonunuliwa leo. Ya pili ni sola ya juu ya paa, mshindani wa pekee anayepatikana madukani. Ya tatu ni soko lililoahidiwa na Sheria ya Nishati ya 2019, ambalo bado halijabisha hodi. Rai yetu tuiseme mapema: kwa mtu wa Lamu na Malindi, ushindani ulioanzia kwenye uzalishaji umemsaidia kidogo, na ushindani wa wauzaji hautamsaidia mpaka nyaya zitengenezwe na zisimamiwe kwa haki.

Tokeni na mita

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama njia ya kuuza, tokeni ni huduma nzuri. Unanunua saa nane ya usiku ukiwa Shela, hakuna foleni, hakuna msoma mita wa kukisia, na bei ya yuniti ni ile ile anayolipa mtu wa Nairobi. Kasoro zake zinajulikana na nyingi zina dawa.

Kubwa ni ngazi za bei. Kwa bei za msingi zilizoanza tarehe 1 Aprili 2023, mteja wa nyumbani ambaye wastani wake wa miezi mitatu hauzidi yuniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa yuniti. Wa zaidi ya 30 hadi 100 akawekewa 16.30, aliyepita 100, shilingi 20.97. Bei hizi hurekebishwa, kwa hivyo zitazame upya kwenye ujumbe wako wa karibuni. La kuelewa ni namna ngazi zinavyofanya kazi: ukipanda ngazi, yuniti zako zote hupanda nawe, hata zile za mwanzo. Yuniti 30 kwa 12.22 ni shilingi 366.60. Yuniti 31 kwa 16.30 ni 505.30. Yuniti moja ya ziada imekutoa shilingi 138.70 kabla ya kodi na tozo. Mpaka wa juu ni mchungu zaidi: yuniti 100 ni shilingi 1,630, yuniti 101 ni 2,117.97.

Wanaoumizwa na hesabu hii ni nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na mita moja, na majumba ya Mkomani ambamo chini kuna mpangaji na juu wamo wenyewe. Familia tatu zinazotumia yuniti 28 kila moja zingekaa ngazi ya chini kama kila moja ingekuwa na mita yake. Kwa mita moja zinasomeka kama mteja mmoja wa yuniti 84, na tofauti kwa bei ya msingi ni shilingi 342.72 kila mwezi. Mita ndogo za ndani zinasaidia kugawana bili bila ugomvi, lakini hazishushi ngazi. Kinachoshusha ngazi ni kuomba mita tofauti, na hiyo hudai nyaya za kila familia zitenganishwe, ziwe na swichi kuu yake na waya wake wa ardhini, kisha fundi mwenye leseni atie sahihi cheti cha kazi. Wenye nyumba wengi huanza na ombi kabla ya kutenganisha nyaya; mkaguzi akija anageuka.

Tokeni ikikataa, usikimbilie kuilaumu namba. Kibodi ya ukutani haina yuniti ndani yake. Ni kinywa tu cha mita iliyo juu ya nguzo, na aina nyingi huzungumza na mita hiyo kupitia waya ule ule wa stima. Chaja mbovu, taa za LED za bei ya chini au inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola au betri uwe kama wa gridi) isiyo na kichujio hutia kelele kwenye waya, na kibodi ikashindwa kuisikia mita. Chomoa kila kitu, weka betri mpya kwenye kibodi, ichomeke kwenye soketi iliyo karibu na swichi kuu, kisha bonyeza tarakimu polepole. Mita iliyokosa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 ina shida nyingine: hesabu yake ya dakika, iliyoanzia 1993, ilijaa siku hiyo duniani kote. Inakataa kila tokeni mpya hadi iingiziwe kwanza misimbo miwili ya tarakimu 20, ndipo tokeni yenyewe ifuate. Nyumba ya wageni iliyofungwa tangu kabla ya tarehe hiyo ikaguliwe hili kabla mgeni hajashuka mashuani.

Na kuna hitilafu moja ambayo kila nyumba ya pwani inapaswa kuijua, kwa sababu huchoma vitu kwa dakika chache. Waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, hulika kutu kwenye kiungo cha nguzoni hadi ukakatika. Dalili yake ni taa zako kung'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia, au feni kuongeza mwendo yenyewe. Zima swichi kuu hapo hapo, usisubiri kuchunguza, halafu ripoti kwa 97771 na utaje neno nyutro ili itumwe timu yenye ngazi na vibanio. Stima dhaifu ni ugonjwa mwingine. Ukipima kwenye soketi jioni saa moja na nusu ukakuta volti 190 badala ya 240, na alfajiri ukakuta 235, waya wako wa ndani hauna kosa: uko mbali na transfoma na mtaa umeongezeka. Andika vipimo vya siku saba kwa saa zake na uvipeleke kwa maandishi. Kenya Power isipojibu, malalamiko hupanda hadi EPRA, na juu ya EPRA kuna Baraza la Rufaa la Nishati na Petroli. Barua yenye vipimo hushughulikiwa. Barua ya hasira hufungwa kwenye faili.

Kwa uuzaji, basi, tunatoa nyota nne kati ya tano. Kwa umeme wenyewe kufika na kukaa, nyota mbili, na sababu iko kwenye sehemu inayofuata.

Laini moja kutoka Rabai

Lamu iliishi kwa jenereta za dizeli mpaka laini ya kilovolti 220 ilipofika katikati ya miaka ya 2010, ikitoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Garsen hadi Lamu ni njia moja. Ikikatika kwenye kipande hicho, walio mbele ya pale hawana njia ya pili ya kuzungukia. Hakuna idadi ya wauzaji itakayobadilisha hilo: wakiwa kumi, wote watapitisha umeme wao kwenye waya ule ule, na wote watazima pamoja.

Chumvi nayo ina kazi yake. Wakati wa kusi, upepo hubeba matone ya bahari hadi kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyoshika waya usiguse nguzo. Chumvi ikikauka haina neno. Usiku umande ukishuka, inayeyuka na kuwa utando unaopitisha umeme juu ya kikombe. Ndiyo ule mlio wa kukaanga unaousikia chini ya nguzo alfajiri. Utando ukiwa mzito, cheche huruka kutoka waya hadi kwenye mkono wa nguzo na ulinzi hukata laini. Dawa inajulikana: kuosha vikombe kwa maji matamu kabla ya msimu, au kuweka vya polima ambavyo maji hayatandi juu yake. Ni kazi ya mwenye nyaya, na mwenye nyaya asipopewa kipimo cha saa za giza anachotozwa faini akikipita, ataiahirisha.

Watu wa Malindi huuliza swali la haki kabisa: Langobaya kuna shamba la sola la megawati 40, limeanza kuuza umeme tangu Desemba 2021, mbona gridi ikizima mchana wa jua kali nasi tunazima? Jibu liko kwenye inveta za mtambo. Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, na inveta za namna hii husubiri mapigo hayo kutoka kwenye gridi ndipo ziimbe nayo. Gridi ikinyamaza, zinajizima ndani ya muda mfupi sana, kwa usalama wa mafundi walio kwenye nyaya. Kuweza kusimama peke yake kungehitaji betri kubwa na inveta zinazoanzisha mapigo zenyewe. Inveta ndogo ya nyumbani isiyo na betri hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu wapo walionunua paneli kwa gharama kubwa wakashangaa kukaa gizani jua likiwa utosini. Umeme wa Langobaya hauuzwi Langobaya. Unaingia kituo cha Weru, unanunuliwa na Kenya Power kwa mkataba wa muda mrefu, na jirani wa uzio anaununua kwa bei ya nchi nzima.

Ushindani uliokwishafanyika

Kwenye karatasi kazi ilianza zamani. Sheria ya 1997 ilitenganisha uzalishaji na uuzaji: kampuni ya uzalishaji, KenGen, ikabaki na mabwawa na mvuke wa Olkaria, kampuni ya nyaya, Kenya Power ya leo, ikabaki na nguzo na wateja. Wazalishaji binafsi wakaingia, miongoni mwao mtambo wa Rabai wa megawati 90 unaochoma mafuta mazito, na upepo wa Ziwa Turkana wa megawati 310 kwa mashine 365. Shirika la serikali KETRACO likaundwa 2008 kwa ajili ya njia kuu za umeme. Mwaka 2015 Powerhive ikawa kampuni binafsi ya kwanza kupewa leseni ya kusambaza na kuuza umeme, katika vijiji vya Kisii na Nyamira. Mwaka 2019 sheria mpya ikafungua usambazaji na uuzaji kwa yeyote atakayetimiza masharti ya leseni.

Lakini wazalishaji hao wote wana mnunuzi mmoja, Kenya Power, na hapo ndipo ushindani ulipopoteza makali yake. Mzalishaji alishindana mara moja tu, siku ya kujadili mkataba. Baada ya sahihi ana miaka ishirini ya bei iliyofungwa, mara nyingi kwa dola. Mitambo mingi ya mafuta hulipwa kwa kuwa tayari, hata siku ambayo haikuwashwa. Ndiyo maana shilingi ikidhoofika, mvuvi wa Kizingitini anaona marekebisho ya fedha za kigeni kwenye tokeni yake ingawa samaki wake ameuza kwa shilingi. Mashine za Turkana zilikuwa tayari 2017. Laini ya kilomita 430 hivi kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikachelewa hadi Septemba 2018, na mzalishaji akalipwa faini ya kuchelewa. Mzalishaji hakukosa kitu. Aliyekosa ni mnunuzi, na nyuma ya mnunuzi ni wewe.

Mikataba mingi ya umeme mbadala ilitoka kwenye sera ya 2008 iliyopanga bei mezani: ukitimiza masharti, bei ndiyo hii. Sera ya 2021 ikasema upepo na sola vipatikane kwa mnada, anayetaka bei ya chini ashinde. Mwaka huo huo jopo lililoongozwa na John Ngumi likapitia mikataba, na Januari 2022 bili zikashushwa asilimia 15 kwa agizo. Agizo hushusha bei kwa msimu; mnada huishusha kwa mkataba. Tungependa kuona minada mingi na maagizo machache, kwa sababu kwenye mnada bei ya kila mshindani husomwa hadharani na mwananchi wa Garsen anaweza kuuliza kwa nini wa bei ya juu alipita.

Paa kama mshindani

Mshindani wa kweli wa Kenya Power hapa pwani haombi leseni ya kuuza. Ni paneli. Na kwa kuwa maduka ni mengi na bei hutofautiana mtaa kwa mtaa, hili ndilo soko la umeme ambalo mnunuzi ana sauti ndani yake. Linataka hesabu, basi tuifanye.

Nyumba ya kawaida ya Malindi: friji ndogo yuniti 1 (wati 1,000 kwa saa moja) kwa siku, feni ya wati 60 kwa saa 10, yuniti 0.6, taa sita za wati 9 kwa saa 5, yuniti 0.27, televisheni ya wati 80 kwa saa 4, yuniti 0.32, simu, yuniti 0.05. Jumla ni kama yuniti 2.25. Chukua saa 5 za jua kamili kwa siku na upotevu wa robo, unahitaji kilowati 0.6 za paneli siku za jua. Masika ya Mei hayana jua hilo, kwa hivyo weka mara mbili: paneli tatu za wati 400. Matumizi ya usiku ni karibu yuniti 1.3, na betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100 ina yuniti 2.56, ukiitumia asilimia 80 unapata 2.05. Inveta iwe ya wimbi safi, wati 2,000 kwenda juu, kwa sababu kompresa ya friji huvuta mara kadhaa ya nguvu yake inapoanza. Pampu ya kisima usiihesabu humo. Iendeshe mchana kwa paneli zake.

Kujua kama betri ni ghali, usitazame bei ya dukani peke yake. Betri hiyo ikitoa yuniti 2.05 kwa mizunguko 3,000, itakuwa imetoa yuniti 6,144 hivi maishani. Ukitajiwa shilingi 80,000, kila yuniti inayopitia humo imebeba shilingi 13 za betri, kabla ya kuhesabu paneli, inveta na fundi. Ndiyo maana aliye ngazi ya yuniti 30 na ana nguzo mlangoni hatapata nafuu ya fedha kwa kuhama kabisa, na aliye ngazi ya juu anaweza kuipata upesi akitumia sola mchana na gridi usiku. Betri za maji au jeli zina bei ya chini siku ya kwanza, lakini kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake karibu nusu, na chumba cha bati Malindi mwezi wa Machi hakina huruma.

Kinachoharibu mifumo ya pwani ni vitu vidogo. Boliti za chuma cha kawaida kwenye reli za alumini hulana katika hewa ya chumvi. Dai chuma cha pua daraja la 316, kwani 304 huota madoa ya kutu ukiwa karibu na bahari. Viungo vya waya za paneli viwe vya mtengenezaji mmoja pande zote mbili. Vikichanganywa huingiana kwa macho lakini hushika vibaya ndani, vinapata moto, na plastiki inayeyuka. Paneli isilazwe kabisa ingawa tuko nyuzi mbili tatu tu kusini mwa ikweta: ipe mwinamo wa nyuzi 10 ukielekea kaskazini, mvua ioshe vumbi na chumvi. Ukiosha mwenyewe, osha alfajiri kwa maji matamu, maana maji ya kisima cha chumvi huacha ukungu mweupe usiotoka. Usifunge paneli juu ya makuti. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hivyo zungumza na Makumbusho ya Taifa kabla ya kutoboa ukuta.

Kisha mijusi. Mjusi hupenda joto la inveta usiku. Huingia kwenye tundu la waya, hutembea juu ya bodi, miguu yake ikigusa vituo viwili, na bodi ikaungua naye. Ukifungua utamkuta amekauka katikati ya alama nyeusi. Wauzaji wengi huhesabu hilo kama uharibifu wa mteja na dhamana haifanyi kazi. Ziba kila tundu kwa mpira wa kubania waya, na funika matundu ya hewa kwa wavu laini wa chuma cha pua, kazi ya nusu saa.

Fundi awe na leseni ya sola ya EPRA. T1 ni ya mifumo midogo kabisa, T3 ndiyo ya mifumo mikubwa na ile inayoungana na gridi. Mtu wa T1 asifunge inveta mseto, ile ya sola, betri na gridi pamoja.

Sola za kulipa kidogo kidogo zinafaa kwa taa, simu na redio pale ambapo nguzo haijafika. Piga jumla kabla ya kupokea boksi: amana ya 3,000 na shilingi 60 kwa siku 500 ni shilingi 33,000. Kasoro yake ni vichomeo. Mifumo mingi ina vichomeo vya kampuni yake tu, hivi kwamba betri ikifa baada ya kumaliza deni huwezi kuunga ya kampuni nyingine. Wauzaji wanashindana kukupata, kisha wanajihakikishia huondoki. Mdhibiti angeagiza kichomeo cha aina moja, ushindani huu ungepata meno.

Anayebaki na gridi anaweza kuirudishia ziada kwa kanuni za 2024, kwa mfumo usiozidi megawati 1. Kwa kila yuniti mbili unazopeleka, unahesabiwa moja. Hoteli ya Watamu inayotumia viyoyozi mchana isijenge kwa ajili ya kupeleka. Ijenge kwa kiasi cha matumizi yake ya saa sita.

Je, tukiruhusiwa kuchagua muuzaji?

Watu hulinganisha na laini za simu, na mfano huo unapotosha. Kampuni za simu kila moja ina mawimbi yake. Stima ina waya mmoja, na wauzaji wote hupitishia umeme wao humo. Kwa hivyo jambo la kwanza ni ada ya kupitisha umeme: nani anaipanga, na inabeba nini. Mwaka wa fedha wa 2023/24, karibu asilimia 23 ya umeme ulioingia kwenye mtandao wa Kenya ulipotea njiani au kuibwa. Hasara hiyo isipoingizwa kwenye ada, wanaohama wataiacha kwa wanaobaki. Ikiingizwa yote, hakuna mshindani atakayekuja.

Wa kwanza kuhama wangekuwa viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni na mahoteli, wateja wakubwa wenye mita chache. Malipo ya wateja wa aina hiyo ndiyo yanayosaidia kushikilia ngazi ya chini, na ndiyo yanayosaidia umeme wa dizeli wa Faza na Kiunga kuuzwa kwa bei ya Nairobi, ingawa kuuzalisha ni ghali mno. Kanuni za kufungua nyaya kwa wauzaji wengine ambazo EPRA imeziandaa zisomwe kwa swali hilo moja mkononi: baada ya wakubwa kuondoka, nani atalipia Faza, na kwa mstari upi wa bajeti?

Walioenda mbele yetu wana ya kuonyesha. Uingereza ilifungua soko la jumla 1990, na kufikia 1999 kila nyumba ikaweza kuchagua muuzaji. Nyaya zilibaki za wachache wanaodhibitiwa bei. Gesi ilipopanda 2021, wauzaji 29 walianguka ndani ya mwaka mmoja hivi, wengi kwa kuwa waliahidi bei ambayo hawakuwa wameinunulia umeme mapema, na gharama ya kuwahamisha wateja wao ikaenda kwenye bili za wote. Texas, iliyowapa wateja wengi uchaguzi tangu 2002, ilipata baridi kali Februari 2021. Bei ya jumla ikafika kikomo cha dola 9,000 kwa megawati-saa, na waliokuwa wakilipa kwa kufuata bei ya jumla wakaletewa bili za maelfu ya dola. Jirani yetu Uganda alivunja shirika lake vipande vitatu 2001, na mwaka 2005 akaipa kampuni iitwayo Umeme usambazaji kwa miaka 20, hadi tarehe 31 Machi 2025, usambazaji uliporudi serikalini. Mteja wa Kampala hakuwahi kuwa na muuzaji wa pili: kugawanya shirika ni jambo moja, kuleta ushindani ni jingine.

Kwa hivyo siku muuzaji wa pili atakapokuja Malindi, mwulize kabla ya sahihi: bei imefungwa kwa miezi mingapi, ukianguka mita yangu inakwenda kwa nani, stima ikikatika nampigia nani, ada ya nyaya imo au iko nje. Asipojibu kwa maandishi, usimpe namba ya mita.

Visiwani, ushindani unaofaa ni wa namna nyingine. Mtaa wa nyumba mia chache hauwezi kubeba wauzaji watatu, lakini haki ya kuuendesha inaweza kushindaniwa. Serikali itangaze kijiji, bei ya mteja iwe ile ya taifa, na kampuni zishindane kwa ruzuku: anayeomba shilingi chache zaidi kwa kila yuniti atakayouza, na akakubali kutozwa kwa kila saa ya giza, apewe miaka kumi. Lamu na Kilifi zimo kati ya kaunti 14 za mradi wa KOSAP wa sola nje ya gridi, na Katiba imezipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme wa mashinani, kwa hivyo mlango upo. Faza ina jenereta tayari. Mnada wa kwanza ungekuwa wa kuongeza paneli na betri ili jenereta ipumzike mchana, na mapipa ya dizeli yanayosafiri kwa mashua yapungue.